Kijana wa Milango

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu ameng'oa mlango wa bafu. Wa nne huu katika nyumba hii! Wa chumba changu uliondoka mwaka jana. Mkewe alirudi kutoka kazini akaukuta umeegemezwa ukutani, skrubu zimepangwa kwenye kisahani.
"Wenzio wanajenga, wewe unabomoa. Sasa nioge mbele ya baba mkwe?"
Nikajifanya nimelala. Kifua kinabana, ugonjwa wangu ule ule.

Jumanne, 4 Machi
Mkwe ametoa neno: mlango usiporudi kufikia Jumamosi, anafungasha anarudi kwao. Hakupiga kelele. Ndiyo maana namwamini.
Baadaye mwanangu alikuja kuninyoa ndevu. Mkono mwepesi, kama wa mama yake marehemu. Wembe ukiwa shingoni akauliza: "Umefundisha saikolojia chuoni miaka thelathini, Baba; mimi nina ugonjwa gani?"
Nikatoa mhadhara. Wapo watakaosema kuna jambo la utotoni limezikwa, linafukuta chini kwa chini. Wengine watasema ni mazoea: mlango ukifungwa moyo unakwenda mbio, ukiung'oa unatulia, basi mikono imejifunza kung'oa. Wengine watapima ubongo na kuuliza habari za ukoo.
"Na wewe, Baba, unasemaje?"
Nikaomba maji.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari mpya wa mwanangu ametuma fomu: mzazi aeleze utoto wa mgonjwa. Mkwe alinisomea, kalamu mkononi. Je, aliwahi kupata mshtuko wowote mkubwa?
Nikasema hapana. Utoto wa kawaida.
Akaandika. "Afadhali. Basi ni ukaidi tu, baba. Tusihangaike."
Ukaidi! Nimemwachia mwanangu kesi isiyo yake.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nimebakiza siku ngapi. Niandike.
Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa hospitali, mimba ya pili imemlaza wiki tatu. Tulibaki wawili. Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni, kichwa kimejaa nadharia. Niliamini mtoto akilia bila kujibiwa atajifunza kutulia. Nikamfungia stoo. Nikakaa nje na saa na daftari. Siku ya kwanza, dakika arobaini za kelele. Siku ya sita, kumi na moja. Nilifurahi — nilichora hadi grafu!
Siku ya tisa nikaenda kufundisha. Nikamsahau. Saa sita nzima. Nilipofungua alikuwa amesimama kimya, kijiko mkononi, kucha zina damu. Alikuwa anachokonoa bawaba.
Mama yake aliporudi nilisema alianguka.
Na alipokua akaanza kung'oa milango, nilifanya nini? Nikampeleka darasani kama mfano wa kufundishia! Nilimwita "Kijana wa Milango", wanafunzi wakamchambua kwa kila mtazamo, nami nikawapa maksi. Stoo sikuitaja hata siku moja. Hakuna aliyeweza kupata jibu, na mimi ndiye niliyelificha.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tatu asubuhi. Nimempa mwanangu lile daftari la zamani. Limekuwa chini ya godoro langu miaka yote. Nikamwambia: mtoto huyu ni wewe. Ameketi barazani anasoma. Mkwe anafungasha, nasikia zipu za mabegi.

Saa nne. Ameingia. Hakuniangalia. Amechukua saa yangu mezani, akatoka. Kisha akarudi amebeba mlango — wa chumba changu! Bisibisi mdomoni. Nilimwita mara mbili.
"Tulia, Baba."
Skrubu moja moja.

Saa nne na nusu, nakisia. Ameufunga. Ufunguo umezunguka, yeye yuko nje. Namsikia anaketi chini, mgongo umeegemea ubao. Hajawahi kukaa karibu na mlango uliofungwa, tangu siku ile.
Mkwe amekuja mbio, anapaza sauti: Fungua, mzee ana kifua! Umerukwa na akili?
"Bado, mke wangu. Tuache kidogo. Tunaongea."
Kisha sauti yake, karibu na tundu la ufunguo, taratibu:
"Humu umeandika 'kelele'. Kelele gani, Baba? Nilikuwa nasema nini?"
Pumzi haitoshi. Kalamu inateleza.
Hazikuwa kelele. Yalikuwa maneno, yale yale, siku zote nane. Nayakumbuka. Hakuwa akimwita mama yake; alikuwa akiniita mimi.