Koi Imeshapoa

Paa! Daigo, nimesikia dirisha likibamizwa huku nimeinama bwawani, nalifunika kwa mbao kabla theluji haijaanza. Kumbe ni dirisha la Chinatsu. Chinatsu wangu!

Ni hivi. Aliniuliza kutoka dirishani kwao, nyumba ya jirani, "Ryohei, mbona kimya siku hizi?" Nikajibu bila hata kuinua kichwa: "Koi imeshapoa. Naacha kuilisha mpaka theluji iyeyuke."

Mpaka theluji iyeyuke! Nilimaanisha samaki, ndugu yangu! Maji yakiwa baridi ukiwalisha, chakula kinawaozea tumboni. Nani asiyejua hilo hapa Ojiya? Lakini kwa Kijapani chetu koi ni samaki, koi ni mapenzi, na mdomoni yote mamoja.

Akasema, "Kumbe imepoa? Basi na ife." Ife! Kisha ndiyo hiyo paa.

Bibi yangu mzaa baba yuko barazani anamenya figili, anacheka mpaka machozi. "Mshairi mzima, umeangushwa na neno moja?"

"Bibi, usinicheke."

"Sikucheki, mume wangu, nakuhurumia. Wenzako wanaachwa kwa sababu ya mwanamke mwingine. Wewe umeachwa kwa sababu ya samaki!"

Damu ikanichemka. Nikapanda juu ya jiwe la bwawa. Baba yake Chinatsu, yule ninayemkwepa mwaka mzima, yuko pale pale uani kwao anafunga misonobari kamba ili theluji isivunje matawi. Sikujali. Nikapaza sauti:

"Chinatsu! Watakaoacha kula ni samaki! Mimi kesho nakuja mlangoni kwenu, navua viatu, namwomba baba yako ruhusa ya kukuoa!"