Dirisha la Ukuta wa Kushoto

Takaoka
Jumanne, saa kumi na moja jioni

Kwa Dada yangu Shiori,

Baridi ya huko kaskazini imeshaanza kuwauma, au bado inawatazama kwa mbali? Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na ng'ombe wako themanini, na kile kidole ulichobanwa na lango kiwe kimepona. Huku sisi ni wazima kwa kiasi chake. Goti la Bibi linamsumbua kila mvua ikikaribia, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kwamba atapumzika vizuri sana akishakufa, kwa hiyo kwa sasa aachwe na figili zake. Baba yuko kliniki, anang'oa meno ya watu kama kawaida. Mimi nimechoka, Dada. Nimeliandika neno hilo mapema ili usilishangae ukilikuta mbele.

Najua hujapata barua yangu tangu Mei. Kuna jambo linalohusu chumba chako, nami nilikuwa nangoja liishe lenyewe ndipo nikuandikie. Halikuisha. Keshokutwa Alhamisi fundi anafunga ukuta, na kabla hajaufunga kuna kitu ni lazima nimwambie Baba. Nimeona nianze na wewe, kwa sababu chumba ni chako, na kwa sababu mbele ya karatasi siogopi sana.

Unamjua Baba na amplifaya zake za taa, zile mashine za kukuzia muziki zilizokuwa zikitufanya tule kimyakimya sebuleni. Basi mwezi wa kwanza alitangaza kwamba atajenga chumba cha kusikilizia muziki na kutazamia filamu, chumba kamili, ukuta ndani ya ukuta, sakafu iliyokalia raba, mlango mzito kama wa ghala la barafu. Michoro yote aliichora nyuma ya bahasha za picha za meno ya wagonjwa. Bibi aliitazama, akasema, "Yasumasa, una masikio mawili tu, na unajenga kama mwenye kumi." Halafu ikaja habari ya nguzo. Baba alitaka nguzo yake mwenyewe ya umeme uani, ili umeme umfikie kabla haujapita kwenye friji za majirani. Bibi akamwuliza kama huu wa sasa unanuka samaki wa Mama Sugibayashi. Baba akajibu, bila kucheka, kwamba kwa namna fulani, ndiyo. Nguzo imeshasimama, pale ulipokuwa ukianika viatu vyako.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa sababu ya mashine ya kutobolea meno. Baba ameishika miaka thelathini, nayo imemlia sauti zote nyembamba. Alinieleza siku moja ndani ya gari, akiangalia barabara, kwamba wadudu wa nyasini wanaolia kila Septemba yeye hawasikii tena, anaona tu watu wakisimama kuwasikiliza. Akasema, "Kozue, wewe ndiye utakuwa masikio yangu." Tangu hapo kila Jumapili nakaa kwenye kiti, taulo usoni, yeye anabadilisha waya, anasogeza spika upana wa kidole, anauliza. Ya kwanza au ya pili? Mwimbaji amesimama wapi? Nami nanyoosha kidole.

Mwanzoni nilisikia kweli. Mwanamke aliyekuwa akiimba alisimama hatua mbili mbele yangu, katikati kabisa, nikasikia hata ulimi wake ukiachana na meno. Nilipomwambia Baba hivyo alicheka, akasema huyo hana tundu la jino hata moja. Muuzaji wa spika alipokuja kutoka Kanazawa na kumwuliza anapenda zipi, Baba alinionyesha mimi akasema, "Mimi hapa ni mbeba mizigo tu. Muulize mkubwa wangu." Nilikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini nililala na maneno hayo siku tatu. Wewe ulipokuwa hapa, wewe ndiye uliyekuwa ukiongea, mimi nilikuwa yule mwingine. Ulipoondoka hakuna aliyeongea. Kisha ghafla kila Jumapili kuna mtu ananiuliza nasikia nini, na anaandika jibu langu kwa kalamu.

Mwezi wa tatu ikabidi chumba kichaguliwe. Vilikuwa viwili: kile cha mikeka anacholala Bibi, chenye madhabahu ya kuwakumbuka marehemu Babu na Mama, na chako. Miaka miwili jina lako halikutajwa mezani. Baba akikusema anasema "yule aliyekataa meno ya watu akachagua viwele vya ng'ombe," na Bibi anamjibu kwamba ng'ombe wanakuja wenyewe, wagonjwa wake mpaka wakamatwe. Lakini chumba chako kilikuwa hakijaguswa. Kalenda yako ilibaki ukutani kwenye mwezi ule ule. Baba alichukua kengele ya shaba ya madhabahu, akanifunga taulo, akaigonga katika kila chumba mara tatu, akiniacha nisikilize mpaka mlio uishe. Kisha akauliza ni wapi sauti imekaa vizuri zaidi. Nikasema chako. Bibi alisema chumba cha mtu aliye hai hakivunjwi. Baba akasema, "Masikio yameshasema, Mama."

Vitu vyako nilivifunga mwenyewe, maboksi saba, yako juu ya kliniki, mahali pakavu. Sikutupa hata kipande cha karatasi. Dirisha lako la kushoto, lile lenye milima, fundi alilitoa Septemba. Pale palipokuwa na milima sasa pana mbao na sufi ya madini ya kuzuia sauti, bado wazi, zikingoja bodi za juu.

Kabla ya ujenzi mimi na Bibi tulipita nyumba kwa nyumba na taulo za kuomba radhi, kama ilivyo ada. Mama Sugibayashi alipokea yake kwa mikono miwili, akauliza kwa upole, je, si tuliambiwa chumba hiki hakitatoa sauti hata kidogo? Bibi akasema ndivyo, tunaomba radhi kwa kelele za kujenga kimya. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka pia, nikichelewa kidogo, kwa sababu sikuwa nimelipata neno la mwisho.

Hapo ndipo nataka kufika.

Jumamosi iliyopita Baba alikwenda uani kwa Mama Sugibayashi kupima kama sauti inavuja. Mimi nilibaki chumbani na Fundi Hatakeda, yule mzee aliyejenga kliniki. Santuri ilikuwa inacheza, nimefumba macho, simu mkononi. Baba akaniuliza kwenye simu, ndani humo ikoje, sauti imesimama wapi? Nikasema, "Nzuri, Baba. Iko katikati kabisa." Nilipofumbua macho, Fundi Hatakeda alikuwa amechuchumaa mbele yangu na waya wa spika ya kushoto mkononi. Alikuwa ameuchomoa ili apitishe ubao. Spika ya kushoto ilikuwa imekufa wimbo mzima. Alinitazama, akautazama waya, akaurudisha mahali pake taratibu kama mtu anayemfunga mtoto kiatu.

Wakati wa chai alikuja akakaa kulia kwangu. Aliniambia kwamba sikio lake moja liliacha kusikia kwa kelele za msumeno alipokuwa na miaka thelathini, na kwamba mtu wa sikio moja yeye humjua kwa shingo. "Tangu Septemba nakuona unageuza kichwa kama kuku," alisema. Akasema hatamwambia Baba, si kazi yake, kazi yake ni ukuta. "Lakini binti, mimi nikishaufunga ukuta, siufungui kwa sababu mtu aliona haya."

Dada, sikio langu la kushoto halisikii. Tangu mwezi wa pili. Niliamka asubuhi ya theluji, nikaenda kugonga kengele ya Babu na Mama kama kila siku, ikalia upande wa kulia tu, kama mtu kaiweka begani kwangu. Nilidhani ni kama maji ya bwawa, yatatoka. Jumapili ile muuzaji alikuwa anarudi na spika, Baba alikuwa amenunua keki. Nikasema nitamwambia Jumatatu. Baadaye nikasoma kwamba sikio likizimika ghafla hivyo hukimbizwa kwa daktari siku zile zile za mwanzo, na zangu zilikuwa zimeshapita. Nikaona nimechelewa, na aliyechelewa huogopa hata kuuliza ni saa ngapi.

Kwa hiyo nilianza kumsikiliza Baba badala ya muziki. Nikitaja jibu naye akanyamaza, najua nimekosea, nabadilisha. Akishusha pumzi, nimepata. Shuleni vivyo hivyo. Masomo ya Kijapani naweza kuyabahatisha, lakini ya Kiingereza mwalimu husimama kushoto kwangu, na wanafunzi wenzangu wanasema siku hizi nimekuwa na maringo, siitiki. Jioni kichwa kinaniuma kwa kazi ya kusikia. Sijui kama umewahi kuchoka hivyo, kuchoka kwa kukaa tu.

Na chumba chako. Kengele ilipogongwa kule kwa Bibi na kule kwako, kwangu ilikuwa ile ile. Sikusikia tofauti yoyote. Nilitaja chako kwa sababu kwako Baba alizuia pumzi. Nilijua ndicho anachokitaka, au ndicho anachokiogopa, sikuweza kutenganisha. Ningesema sijui, chumba chako kingekuwepo. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, hata kama la sikio utaniona mjinga tu.

Kesho nitamwambia. Nimeliandika ili nisiweze kurudi nyuma.

Jumatano, baada ya chakula

Nimerudi kwenye karatasi. Nimemwambia.

Nilimngoja mgonjwa wa mwisho atoke. Kliniki ilikuwa inanuka karafuu, Baba alikuwa ananawa mikono. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa mfululizo, nikiitazama taa ile kubwa. Hata ya kengele. Hata ya spika iliyokufa. Alifunga bomba, akauliza ni tangu lini, nikamtajia siku. Unajua yeye ni mtu wa tiba. Niliona akihesabu zile siku za mwanzo, na niliona zikimwishia.

Alikuja akasimama kushoto kwangu. Nadhani alisema kitu, kwa sababu nilihisi pumzi yake shingoni. Nikamwomba arudie. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, miguu juu, na viatu vyake vyeupe, nikaona jinsi alivyo mtu mfupi. Akasema, "Mwaka huu nimekuuliza habari za waya, za mbao, za sufi. Nimekuuliza mpaka habari za raba. Habari za sikio lako sikukuuliza."

Nikamwambia ningedanganya. Akasema huenda, lakini angekuwa ameuliza. Kisha akasema, akiwa bado anatazama dari, kwamba hata yeye siku ile ya kengele hakusikia tofauti. Alikuwa anangoja mtu mwingine akitaje chumba chako, ili asiwe yeye.

Ijumaa asubuhi atafunga kliniki, tunakwenda hospitali. Ameniambia wazi kwamba huenda wasinifanyie kitu. Nimemwambia najua. Tukarudi nyumbani pamoja, na wakati wa kula akachukua mto wake wa kukalia akahamia kulia kwangu, mahali pa Bibi. Bibi akabaki amesimama na bakuli la supu, akauliza, "Leo nani amehamisha watu? Au ndiyo mpango mpya wa spika?" Baba akasema, "Ndiyo, Mama." Bibi akakaa kushoto. Baadaye nikamweleza naye, akaniambia alishajua kwamba kuna kitu, kwa sababu tangu majira ya kuchipua nimekuwa nikiigonga kengele kwa nguvu mno, mpaka alihofia nitamwamsha Babu.

Nilipokaa kuandika hapa, Baba alipita mlangoni akauliza kama nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama karatasi bado ina nafasi. Nikasema ipo. Alikwangua fremu ya mlango kwa ukucha kama anayetafuta tundu. Mwishowe akasema Fundi Hatakeda ameshapigiwa simu, Alhamisi hafungi ukuta wa kushoto. Akasema chumba kizuri hakitakiwi kuwa na dirisha, kioo kinaharibu sauti, kila mtu anajua. Halafu akasema, "Muulize dada yako kama anataka lirudi."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Kaniachia maneno hayo tu akaenda kulala, lakini naona mwanga chini ya mlango wake.

Basi, Dada, nakuachia hapo. Wasalimie wenye shamba, na yule ng'ombe mwenye jicho moja uliyesema anakufuata. Mwambie ana ndugu Takaoka. Bibi anakutumia matunda ya kaki yaliyokaushwa, yatakuja kwenye kifurushi, usiyale yote siku moja. Kuhusu dirisha, jibu utakavyo, hata ukikataa. Lakini ukipiga simu badala ya kuandika, piga saa ya chakula cha jioni, tunakuwa wote mezani. Simu nitaipokea mimi, kwa sikio la kulia, halafu nitampa aliyekaa karibu nalo.

Mdogo wako,
Kozue