Faini Niliyokwenda Kuiulizia

Karakana ya Vioo,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakujulia hali kwanza, ya kwetu yanaweza kungoja. Goti la kushoto likoje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za hapo unapoishi zinakutesa, na lifti yenyewe hufanya kazi ikipenda. Je, wajukuu wanakusaidia kubeba vitu au wanakusindikiza kwa maneno tu? Naomba barua hii ikukute umekaa, mguu umeuinua kama daktari alivyosema, si umesimama jikoni kama ninavyokujua.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Mama anaamka alfajiri kama zamani na kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Mimi nafanya kazi. Wateja wananipa pole, nawaambia asante, kisha nawauliza wanataka kioo cha unene gani. Sijalia bado, Shangazi. Nakuandikia hilo kama ninavyoandika vipimo, sijisifu wala silalamiki. Umewahi kuulalia mkono ukafa ganzi? Unauona ni wako, unaubonyeza, haujibu. Ndivyo nilivyo.

Asante kwa ujumbe wa sauti uliotuma siku ya mazishi ya Baba. Tuliusikiliza watatu, Mama katikati, mimi huku na Kaka kule. Kaka alilia. Mimi nilikuwa natazama dirisha la sebuleni, nikaona putini inayoshikilia kioo imekauka na inabanduka pembeni. Kesho yake nilikwenda kuitia upya.

Najua Kaka amekupigia simu. Najua na alilokuambia, maana kila aliyekuja kutoa pole ameambiwa hilo hilo: Baba alikuwa akiniulizia, nami nikaja kwa mwendo wangu wa konokono. Basi nakuandikia ilivyokuwa, kwa mpangilio wake.

Siku ile nilikuwa nimebeba vioo vya wodi mpya ya hospitali. Almasi, yule fundi wangu wa kukata, alikuwa ametangulia kwenye jengo na vifaa. Unajua gari langu, lile la wazi nyuma. Vioo huvisafirishi vimelala; kikilala kinapasuka kwa uzito wake mwenyewe. Unavisimamisha, vinaegemea fremu ya mbao, kila kimoja na blanketi lake, halafu unakaza mikanda mpaka ukiigusa inalia kama uzi wa gitaa. Kioo kikisimama vizuri kinavumilia mengi. Mwisho kabisa niliweka vioo viwili vya kujitazamia, vya chumba cha madaktari.

Simu ya Kaka ilinikuta njiani.

"Baba anakuulizia. Geuza gari."

"Yuko hivyo tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Jua lilikuwa limeshapinda. Nikamwuliza kwa nini hakunipigia hiyo asubuhi.

"Wewe si una kazi? Ukiitwa si ndilo jibu lako?"

Niligeuza.

Sasa hapa nikukumbushe kitu, maana wewe mwenyewe uliwahi kupanda gari langu ukashuka unacheka, ukasema kwa miguu ungefika mapema. Mwendo ule nilifundishwa na kaka yako, yaani Baba. Aliweka bakuli la maji kwenye kiti cha pembeni, limejaa pomoni, na maji yakimwagika nilipangusa kiti, tukarudi tulikoanzia. "Mwenye vioo hana haraka," alikuwa akisema. "Mwenye haraka ana vipande." Jina la Konokono alinipa yeye, na mdomoni mwake lilikuwa sifa. Kaka ndiye aliyeligeuza kuwa kejeli. Kaka alisomeshwa. Mimi nilianza kwa kubeba vioo vya madirisha mgongoni, nyumba hadi nyumba, na gari hilo analolicheka nililinunua bila senti ya mtu. Haya tumekwisha kuyasema mimi nawe, siyarudii.

Siku ile nilikimbia, Shangazi. Darajani, pale penye kibao cha hamsini, mshale ulikuwa umepita tisini. Nyuma vioo vilikuwa vinavuma kama mzinga wa nyuki. Nilipokaribia lile sanduku la kijivu la kamera, mwanga mkali ukanipiga usoni mara moja, ukapotea. Nikajua nimepigwa picha. Nikasema sawa, nitalipa. Sikupunguza.

Nilipofika nyumbani kwa Baba nilifanya ninachofanya kila ninapoegesha. Nilizima gari, nikachukua kabari ya mbao, nikaisokomeza nyuma ya gurudumu, kwa sababu njia ile ina mteremko na gari lilikuwa na vioo. Mikono ilifanya yenyewe. Mawazo yalikuwa yameshaingia ndani. Nilipoingia, Mama alikuwa ameushika mkono wa Baba. Alinitazama, akautoa wake, akaniachia. Mkono ulikuwa bado na joto.

Kaka hakuwapo. Alikuwa amekimbilia duka la dawa. Aliporudi, mfuko mkononi, kwanza aliliona gari. Akaiona kabari. Akafunua blanketi moja, akafunua la pili, vioo vizima, hata ufa wa unywele hakuna. Ndipo akaja chumbani akatukuta. Neno lake la kwanza, mbele ya Baba aliyelala pale, lilikuwa hili:

"Naona vioo vimefika salama. Hongera, Konokono."

Tangu hapo hiyo ndiyo kesi yake. Aliyekimbia vioo vyake vibaki vizima? Mwenye haraka akumbuke kabari? Na ukimsikiliza, maneno yake yana mguu wa kusimamia. Ningekuwa fundi mbovu ningeaminiwa. Kioo kimoja tu kingepasuka, ningekuwa na la kumwonyesha. Nilifunga mzigo vizuri, na mzigo wenyewe ukasimama kunishitaki.

Basi nikaanza kuingoja faini.

Nikueleze ugumu wake. Mkandarasi wa hospitali hampi kazi dereva mwenye kosa la mwendo. Limeandikwa, na nimelitia saini. Faini ikija, kazi ya wodi zilizobaki inakwenda kwa mwingine, na hiyo ndiyo kazi yangu kubwa ya mwaka huu. Nilikaa nikapiga hesabu, na hesabu zangu huwa hazikosei. Zikaniambia niombe isije. Nikaingoja hata hivyo. Karatasi ingekuwa na tarehe, na mahali, na mwendo. Ningeiweka mezani mbele ya Kaka nikaondoka bila kufungua kinywa. Simu ikilia naishika. Sanduku la posta nalifungua kila ninapopita mjini, wakati zamani nilikuwa nalisahau mpaka lijae.

Almasi aligundua.

"Bosi, unangoja barua ya nani?"

"Nangoja faini."

"Wenzio wanangoja urithi."

"Kata kioo, Almasi."

"Nakata. Nasema tu, ikija omba na nakala yangu, nimwonyeshe mke wangu kwamba kweli nilikuwa kazini."

Nilijua inachekesha. Nilicheka baadaye kidogo, kama mtu aliyekumbuka adabu.

Haikuja. Juma lililopita nikaona nisingoje tena kama kuku anayeotamia jiwe, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama barabarani. Ni chumba kirefu, viti vya plastiki vimefungwa kwa mnyororo, feni inazunguka bila kuleta upepo. Dirisha la karani lina kioo chenye ufa, kimebandikwa gundi ya karatasi. Karani ni kijana wa miwani, mpole.

"Umekuja kulipa, dada?"

"Nimekuja kujua kama nadaiwa."

Nikampa namba ya gari na tarehe. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza.

"Hudaiwi. Nenda zako kwa amani."

"Angalia tena. Ni pale darajani."

"Darajani?" Akavua miwani. "Lile ganda tu, dada. Kamera yake ilitolewa siku nyingi. Limebaki la kutishia watu, kama sanamu ya shambani."

"Lilinimulika."

"Kwa taa gani? Ndani mna buibui." Watu nyuma yangu wakacheka, naye akacheka nao. "Dada, hapa watu hulia kwa sababu wamekutwa. Wewe ni wa kwanza kulia kwa kukosekana."

Nikamwambia silii. Akanitazama vizuri, akasema, "Kweli. Hulii." Akaacha kucheka. Kisha akamwita anayefuata.

Nilipotoka nje, jua la alasiri lilikuwa linapiga vioo vya magari yaliyoegeshwa, na kila kimoja kilikuwa kinanimulika kwa zamu. Hapo nikaelewa. Almasi aliposhusha mzigo ule alilalamika kwamba kioo cha mwisho kilikuwa uchi, blanketi limeteleza. Kioo cha kujitazamia. Jua lilikigonga, likarukia kioo changu cha pembeni, likanipiga machoni. Basi picha hakuna, na mwanga wenyewe nilikuwa nimeubeba mgongoni.

Niliendesha kwenda kwa Mama. Nilimkuta kitandani anakunja mashati ya Baba, anafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kana kwamba yanakwenda kuuzwa. Nikakaa upande wa pili nikachukua shati. Nikaona nimpe kitu cha kumchekesha, nikamsimulia nilivyokwenda kuulizia faini ya mwendo nikaambiwa sina.

Alicheka, Shangazi. Mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wewe! Faini ya mwendo! Labda wakutoze kwa kuchelewesha foleni."

Akakunja shati, akalipapasa. Kisha akasema, akiwa bado na kicheko:

"Hata baba yako mwenyewe. Siku ile gari lilikuja hapo nje linakoroma, mbio, kama limetumwa na shetani. Akafumbua macho akaniuliza, 'Huyo ni Konokono?' Nikamwambia hapana, huyo ni mwendawazimu wa barabarani. Konokono hakimbizi gari. Akasema, 'Basi tumngoje.' Akafumba macho, ametulia kabisa. Alikuwa anajua utakuja."

Nilikuwa nimeshika mkono wa shati. Nikafunga kifungo cha mkononi. Nikafunga na cha pili.

"Vijana wa siku hizi hawana adabu barabarani," nikamwambia.

"Hawana," Mama akasema, akachukua shati jingine.

Njia ya nyumbani unaijua. Ni fupi, inaishia ukutani, na jioni ile halikuja gari jingine. Na kabari nimekwisha kukueleza: kuichukua na kuisokomeza kuna muda wake, na muda huo Baba alikuwa amekwisha kufumba macho. Hesabu hiyo nimeipiga mara moja, nikaifunga. Usiipige wewe.

Kwa hiyo ushahidi ninao sasa, na ni mzuri kuliko karatasi ya faini. Nilikimbia, aliyesikia yupo. Lakini shahidi ni Mama, na hajui kama ni shahidi, na sitamwita. Amebakiwa na neno moja la mwisho la mumewe na analisimulia akicheka. Nimwambie nini?

Nakuomba, ukimaliza kusoma, usimsomee mtu. Nimekuandikia kwa sababu uko mbali, na kwa sababu ilikuwa lazima mtu mmoja ajue. Kaka akikupigia akasema nilikwenda polepole, mwitikie. Alikuwa foleni duka la dawa, na mfuko ule bado upo juu ya kabati, haujafunguliwa. Naye ana lake.

Kazi ya hospitali bado ninayo. Leseni yangu ni safi. Kuhusu lile dirisha lako la bafuni lenye ufa, nitumie vipimo, urefu na upana, upime kutoka ndani ya fremu na si nje kama mara ile.

Kila jioni nikifunga karakana nakwenda kwa Mama. Kwenye kona ya mwisho natia gia ya kwanza na kuingia taratibu, taratibu mno, hata gari likiwa halina kitu nyuma. Nikifika mlangoni anakuwa amekwisha kuufungua.

Nisalimie wajukuu wote, yule mkubwa wa miwani na pacha wasionyamaza, na jirani yako mshonaji. Mama anasema wifi yake asijidanganye, ile mitandio miwili aliyoahidi bado anaikumbuka. Almasi anakusalimu. Kaka ungemsalimu wewe, simu yako huipokea.

Mungu akulegezee goti na akuweke, tuendelee kuwa na mtu ambaye Baba alimwita dada.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Konokono