Kugawa kwa Sifuri

Mjukuu wangu Rhobi,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kemambo. Sisi wazima, mahindi yamebeba, na yule ng'ombe wako kazaa ndama mwekundu.

Kikokotoo ulichotengeneza nimekifungua kwenye simu ya shangazi yako. Vitufe vinapendeza! Unauliza kiandike nini mtu akigawa namba kwa sifuri, maana sasa kinajibu "isiyo na mwisho" na mwalimu wako amekikataa.

Nilipoolewa hapa tuliita risaga, majirani waje kutupalilia shamba. Nikapika mbuzi mzima. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, hakuna aliyevuka. Nami bibi harusi, kwa kuogopa kuonekana mvivu, nikashika kisu nikaanza kukata mafungu.

Mama mkwe akaniuliza, "Unamgawia nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa utajuaje fungu la kila mmoja? Funika sufuria!"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi kikokotoo chako kisibuni jibu. Kiseme tu, "Hakuna wa kugawiwa." Mwalimu akikataa tena, mlete huku kupalilia. Akija peke yake, mbuzi mzima ni wake.

Bibi yako