Mumeo Alitaka Kuligawa Daftari Letu la Safari

Dada Veronika,

Mvua zimekatika hapa Tabora, na mumeo amekuwa mpenzi wa michoro. Najua usingeamini kama ungesikia kwa mtu mwingine, ndiyo maana nakuandikia mwenyewe.

Alianza siku ile ile ya mazishi yako. Alisimama mbele ya watu na suti yake ya kijivu, leso nyeupe mkononi, akasema, "Marehemu alikuwa na kipaji, na mimi ndiye niliyemtia moyo." Kornelio! Yule yule aliyekuwa akikuona na penseli anauliza kama ugali siku hizi unajipika wenyewe. Yule aliyewaambia makarani wenzake wa boma kwamba mke wake anakwenda Mwanza na mdogo wake kuangalia mawe. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nikakohoa. Mama akanifinya.

Wala hakujua tulikwenda kufanya nini. Kila shule ya masista uliyofundisha ilipofunga, tulipanda treni, daraja la tatu, na kapu letu la viazi, tukalala kwa shangazi Kigoma au kwa yule rafiki yako wa Dodoma, siku mbili tatu tu, tukarudi. Wewe unachora daftarini, mimi naandika chini ya picha: mji gani, tumekula nini, nani katuudhi. Babu yetu aliitembea njia ile ya misafara kwa miguu hadi pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi na kovu, na hakuna aliyewahi kumwuliza aliona nini. Ulisema hilo ndilo lililokuwa likikuuma. Nakumbuka pale Kigoma nilipokuhimiza uchore ziwa kabla jua halijazama, ukanijibu bila kuinua kichwa, "Anza na watu, Anastasia. Ziwa halina haraka."

Na watu uliwaanza kweli. Unakumbuka asubuhi ile ya safari ya Dodoma? Kornelio alikuwepo stesheni, ila si kwa ajili yetu. Alikuja kumsindikiza Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mkewe. Ulimchora kupitia dirisha la behewa: mkono mmoja kashika kamba ya mbwa wao, mkono mwingine kashika mwavuli, na mwavuli umemfunika mbwa. Yeye jua linampiga utosini. Chini yake nikaandika: "Tabora. Mbwa hajambo." Tulicheka hadi yule mzee wa Manyoni aliyekaa mbele yetu akahama kiti.

Sasa sikiliza. Baada ya arobaini yako, memsahibu, huyo huyo mke wa Bwana Shauri, akatangaza kwamba anakusanya kazi za mikono za wenyeji azioneshe ukumbini. Kornelio akaingia chumbani, akafungua sanduku lako, akalichukua daftari, akalifunga kwa karatasi ya kaki na kulipeleka kama zawadi. Hakumwuliza Mama. Hakuniuliza mimi, nami naishi chumba cha uani kwake. Wala hakulifungua, dada! Miaka yote ya ndoa hakuwahi kufungua hata ukurasa mmoja, na siku ya kuligawa pia hakulifungua.

Akaja kunialika, meno yote nje. "Shemeji, njoo uone jina la familia yetu linavyopanda."

Nilikwenda. Ukumbi ulijaa vikapu, vinu, ngoma na makarani waliovaa tai. Memsahibu alikuwa mezani na glavu za lesi, katika joto la Tabora, anapekua kurasa zako kwa ncha za vidole kama anayechambua mchicha wenye wadudu. Soko la Mwanza akalipita. Wanawake wa dagaa akawapita. Yule kijana wa baiskeli aliyejitwika gramafoni akamkunjia uso. "Hii hapana," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka Afrika kweli. Ngoma. Mama na mtungi." Makarani wakaitikia kwa vichwa. Nikajiuliza, basi sisi tulikuwa tunasafiri nchi gani?

Kisha akafika ukurasa wa stesheni. Akautazama. Akamtazama Kornelio. Akarudia kuutazama, halafu akacheka mpaka akavua miwani. "Ni wewe, Kornelio! Na mbwa!" Akamwita mumewe. Watu wakasogea, shingo ndefu.

Dada, nilimngojea akasirike. Angelinyang'anya na kulichana, ningemheshimu kidogo, nakuapia. Alicheka! "Ndiyo memsahibu, nzuri sana memsahibu." Mdomo unacheka, macho ya mtu aliyetafuna kwinini. Memsahibu akasema ataukata ukurasa ule, autie fremu, ampelekee mama yake Ulaya. Na mumeo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kuchongea penseli, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nikanyoosha mkono nikalichukua daftari mezani. "Samahani, memsahibu," nikasema, "hili halijajaa bado."

"Shemeji, usinitie aibu mbele ya watu!"

"Aibu umekuja nayo mwenyewe, shemeji."

Nikatoka nalo chini ya khanga. Jioni nilikuta cherehani yangu imewekwa nje, na nguo za wateja juu yake. Ndiyo maana sasa nimepanga mtaa wa Isevya, chumba kinachovuja, kwa mama mwenye nyumba anayeimba tenzi za kanisani tangu alfajiri bila kupatia hata moja.

Wiki iliyopita Kornelio akaja. Hakuvaa suti. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Shemeji," akasema, "alijichora mahali popote? Sina sura yake."

Hana. Ulimwomba mwende kwa mpiga picha, akakujibu kwamba sura yako anaiona kila siku. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na yalikuwa matamu. Badala yake nikamfungulia daftari. Hukujichora popote, dada, unajua. Ila Mwanza, pembeni chini, umechora miguu yako imenyooshwa juu ya jiwe, na vile viatu vya raba vyeupe. Alisogeza kidole karibu, hakugusa.

"Hiki cha kushoto kilikuwa kinambana," akasema. "Alikuwa akikivua kila akifika mlangoni."

Mimi sikulijua hilo. Nimesafiri na wewe miji yote ile na sikulijua.

Akaendelea kufunua mpaka akajikuta, yeye na mwavuli wake. Akauliza, "Ndivyo nilivyo?"

"Mbwa ndiye hakufanana sana," nikamwambia.

Aliuomba ukurasa wa viatu. Sikumpa. Nilijitahidi kumdharau kama siku zote, lakini nikajikuta nimemvutia kigoda na nimeinjika chai. Alikishika kikombe mpaka chai ikapoa, akaondoka bila kuinywa. Amesema atarudi Jumapili kuviangalia tena. Bado ni mpumbavu. Usidhani nimelegea.

Basi lala, dada yangu, pumzika kutokana na kifua kile kilichokutesa. Pasaka nakwenda Kigoma, na daftari nakwenda nalo. Kurasa zilizobaki nitazichora mimi, vibaya, hadi ya mwisho. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Jana nimejaribu kumchora mama mwenye nyumba. Aliitazama picha sana, kisha akauliza kama huyo kuku ni wa jirani. Kesho nitamrudia.

Mdogo wako,
Anastasia