Mchumba Wangu Alitaka Adui wa Sinema Afe Mara Mbili

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana tangu Jumamosi iliyopita sijielewi, na mama ameniambia nisipojiamulia mwenyewe ataniamulia yeye. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, nakaa hapa Msambweni, kazi yangu ni kushona nguo, na mchumba wangu anaitwa Jefwa, ni dresa katika zahanati moja huku kwetu, mtu mpole ambaye hata akisafisha kidonda cha mtoto hukipuliza kwanza, na kila mtu huniambia nimepata mume.

Basi Jumamosi alasiri ililetwa sinema, watu wakaziba madirisha ya ukumbi wa hapa kwetu kwa magunia ili giza liingie, nasi tukakaa benchi ya mbele, na sinema yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja mkatili aliyekifunga kisima cha kijiji kwa kufuli mpaka watu wakafa kwa kiu, na mwishowe yeye mwenyewe akapotea jangwani, akaja akitambaa, midomo imepasuka, akamkuta kijana ambaye mama yake aliuawa na kiu ile, akamwomba maji, na kijana akafungua kibuyu akayamwaga yote mchangani, akasimama kumtazama mpaka akakata roho. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nilipiga, sikufichi. Jefwa hakupiga. Alisimama juu ya benchi akamwambia mwenye mtambo, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Irudishe hapo. Amekufa upesi mno." Watu wakacheka wakidhani ni mzaha, mwenye mtambo akairudisha, yule adui akatambaa tena, akaomba tena, akafa tena, na Jefwa akasema, "Tena," na safari hii hakuna aliyecheka. Nilimtazama usoni, Mshauri, machozi yanamtoka na huku anatabasamu, nikamwogopa.

Tulipotoka nilimwuliza, "Jefwa, una nini?" Tulipofika njia panda ndipo akaniambia kwamba baba yake, mzee Ziro, alifia katika shamba la mkonge wakati wa mkoloni, ana homa kali, kwa sababu nyapara mmoja aitwaye Kitsao alimnyima ruhusa ya kwenda kutibiwa na akamnyima hata maji mpaka amalize kukata mistari yake ya mkonge, na kwamba mwaka jana, uhuru umekwisha kuja na unyapara umekwisha, Kitsao huyo huyo aliletwa zahanati anatapika na kuharisha, macho yameingia ndani, akasema, "Mwanangu, maji," na zamu ile Jefwa alikuwa peke yake.

Nikamwuliza, "Ukafanya nini?"

Akasema, "Nilimnywesha. Kijiko kwa kijiko, siku mbili. Akapona. Sasa anauza mbuzi Lunga Lunga, na akiniona hunishika mkono akaniita daktari. Kanze, kila siku najiuliza kama nilikosea."

Niliposikia kwamba anawaza huenda alikosea kumponya mtu, nilivua pete yake nikamrudishia pale pale njiani, naye akaipokea akaitia mfukoni. Mama anasema mtu anayeona kifo kitamu namna ile, ipo siku atamgeukia mkewe. Je, ni haki mtu kufurahia kifo, hata cha adui wa sinema? Nimwache kabisa?

Kanze, Msambweni

Binti Kanze,

Marahaba. Barua yako imenishtua, lakini si pale palipokushtua wewe.

Tuimalize sinema kwanza. Kifo kile kilimstahili yule tajiri, na aliyekitunga aliijua kazi yake: aliyewanyima wenzake maji alinyimwa maji, na watu wakatoka ukumbini wameridhika. Ndiyo maana nawe ulipiga makofi. Hakuna dhambi hapo. Mwigizaji yule alipomaliza kufa alikwenda kunywa chai.

Jefwa alipewa nafasi ya kweli. Hakukuwa na shahidi, na mtu aliyemwulia baba yake amelala mbele yake, hawezi hata kuinua kichwa. Angechelewa kidogo tu, nani angemwuliza? Akamnywesha siku mbili. Wewe umemhukumu kwa alichotazama ukaacha alichotenda. Tena siri ambayo huenda hakuna mwingine aliyeambiwa, alikuambia wewe, ukamjibu kwa kumvulia pete barabarani. Umekosea, mwanangu, tena sana.

Hata hivyo siidharau hofu yako. Anayelia huku akitabasamu ana jeraha bichi, na harusi peke yake hailiponyi. Kwa hiyo sikiliza.

Nenda zahanati leo, wewe mwenyewe, usimtume mtu, ukamwombe radhi. Usimwambie asahau wala asamehe. Hilo si lako. Mwulize mzee Ziro alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alicheka vipi, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize, hata ikichukua siku tatu. Halafu Jefwa na mzee mmoja wa ukoo wake waende Lunga Lunga mchana kweupe, na Kitsao akimpa mkono, aupokee na kumwambia, "Mimi ni mtoto wa Ziro, wa shamba la mkonge." Asitukane, asiongeze neno. Kitsao akilia, akikana, akiondoka, shauri yake. Ila ajue anamwita nani daktari. Wewe usiende kumsemea. Mngojee nyumbani.

Pete akikurudishia, vaa. Na mama yako mwambie nimesema hivi: siku atakapougua, amwombe Mungu amkute Jefwa yuko zamu.