Nyusi za Namfon

Jumatatu, 10 Juni

Mjukuu wangu Namfon kachoka kungoja mwili ufanane na moyo wake wa kike. Leo, huku ananinyoa ndevu, kaniambia amepata daktari wa bei rahisi mjini, juu ya duka la matairi. Hospitali ya Bangkok inataka pesa ambazo yeye, kwa kusuka maharusi wa kijiji hiki, atazipata akiwa na umri wangu. Nikamwambia: ukifika umri wangu hicho unachotaka kukatwa hutakumbuka hata kilikuwa wapi. Hakucheka. Mjukuu wangu akikosa kucheka, mambo yameharibika.

Kwa huyo wa matairi ndiko alikokwenda Orawan, mwandani wake. Alirudi ndani ya shuka. Tukauchoma mwili wake hekaluni, kama desturi yetu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemkabili Lamduan, mama yake, binti yangu wa kumzaa. Uza shamba la mpunga la mtoni, nikasema, mtoto akapasuliwe mahali pa watu. Akaendelea kutwanga papai bichi — pilipili zikanirukia machoni, nadhani makusudi.

Mwishowe: atauza. Lakini kwanza Namfon anyolewe, avae njano, awe mtawa hata wiki moja. Kwa thawabu za utawa wake, mtoto wa kiume ndiye humshika mama mkono akamwingiza peponi. Akishapasuliwa, hekalu halimpokei tena.

"Nimezaa mara moja tu, baba. Nisipoingia kwa huyu, nitaingia kwa nani?"

 

Jumapili, 16 Juni

Nimepata akili: nitaingia utawani mimi! Nikaenda kwa Mtawa Mkuu. Huyu tulicheza naye kamari kabla hajavaa njano, kwa hiyo hanitishi. Kasema thawabu zangu zitamwendea mama yangu, marehemu. Nikasema yule mwanamke alishaingia peponi kwa kunivumilia tu, masalio mpeni Lamduan. Kacheka mpaka kashika ukuta. Halafu: haiwezekani, mzee.

Basi nikamwomba amrukishe mjukuu wangu lile swali. Maana mbele ya watawa wote mtu huulizwa, kwa ile lugha ya kale: Wewe ni binadamu? Wewe ni mwanamume? Nawe sharti ujibu, Ndiyo, bwana. Namfon haogopi kazi wala njaa, lakini hilo la pili hajalikubali tangu ajue kusema.

Mtawa Mkuu kanywa chai yake. Swali halirukwi.

Jumatano, 19 Juni

Namfon kakubali kunyolewa.

"Nywele zitaota, babu. Orawan hataota."

Lakini yule daktari wa matairi Namfon hajamkataa. Kamwambia kwenye simu angoje kidogo tu. Nimesikia mwenyewe, nikiwa nimelala usingizi wangu wa uongo.

Ijumaa, 21 Juni

Wamemnyoa. Kishungi cha kwanza kakata Lamduan, kikaangukia jani la yungiyungi, naye analia kwa furaha. Namfon analia pia. Watu wakadhani ni furaha ileile. Kisha wembe ukapita kwenye nyusi, kama ilivyo desturi. Nimeosha maiti wengi maishani. Sijaona uso uliovuliwa nguo namna ile.

Jirani mmoja kasema, sasa kijana anapendeza. Nikamwambia na mumewe angependeza akinyolewa, ila waanzie shingoni.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika humu humu hekaluni, nyuma ya nguzo, goti ndilo meza. Wananikodolea. Waache.

Namfon kasimama mbele ya watawa, mweupe pe. Wameanza na maradhi. Una ukoma? Hapana, bwana. Una kifafa? Hapana, bwana. Wewe ni binadamu? Ndiyo, bwana — sauti safi, imefika mpaka kwangu.

Wewe ni mwanamume?

Kimya.

Mtawa Mkuu kauliza tena, polepole, kama anayemshika mtu mkono kuvuka tope. Pale mlangoni Lamduan kabana viganja vyake mpaka vidole vimekosa damu. Shamba lote la mtoni liko kwenye ulimi wa yule mtoto. Na duka la matairi pia.

Nikajibu mimi. Ndiyo, bwana — toka nyuma ya nguzo, kwa sauti ya kuitia nyati wa kulimia. Watu wakacheka. Mtawa Mkuu hakucheka.

"Mzee, hukuulizwa wewe."

Namfon kageuka. Kanitazama mimi, kisha mama yake. Uso usio na nyusi siwezi kuusoma. Swali linaulizwa mara ya tatu. Kafungua mdomo —